Mfupa umeunga. Je, chuma kitolewe?

Karibu kila kliniki ya mifupa swali hili huja kwa maneno yaleyale: "Dokta, hiki chuma nitakaa nacho mpaka lini?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu aliyevunjika paja au ugoko kwenye ajali ya bodaboda. Aliwekewa chuma, akatembea, akarudi kazini, na sasa miaka minne au sita imepita. Pengine haumwi kitu. Pengine goti linamsumbua kila akisujudu. Pengine juu ya kovu kuna kitundu kinachotoa majimaji, kinaziba, kisha kinafunguka tena. Watu hawa watatu wanauliza swali moja lakini majibu yao hayafanani hata kidogo, na mitaani wote hupewa jibu moja: chuma kikikaa sana kina madhara, nenda wakitoe.

Miaka peke yake haitoi chuma. Cha kutazama ni kama chuma hicho bado kina kazi, kama ndicho kweli chenye kosa, na kama kukitoa kutamaliza tatizo au kutaleta jingine. Huwezi kujibu hilo kwa kuhesabu kalenda.

Kilichomo ndani ya mguu

Bamba hulazwa juu ya mfupa na kukazwa kwa skrubu. Utalikuta sana karibu na goti na kwenye kifundo cha mguu. Msumari huzamishwa ndani ya mfereji wa uboho, karibu urefu wote wa mfupa, kisha hufungwa kwa skrubu za kukingama juu na chini ili mfupa usijizungushe wala kufupika. Pia ya goti iliyopasuka hushikwa kwa waya. Vyuma vya nje, vile ambavyo wengi huviita antena, hutolewa mapema, kwa hiyo havimo katika habari hii.

Msumari wa paja si jambo la jana. Gerhard Küntscher, daktari wa upasuaji wa Kijerumani, aliuweka kwa mara ya kwanza mjini Kiel mwaka 1939. Baadaye madaktari wa nchi zilizopigana na Ujerumani walipiga eksirei za askari wao waliorudi kutoka utekani, wakaona fimbo ya chuma katikati ya paja, na mwenye paja anatembea. Kwetu, katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki utaukuta msumari wa SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani. Umebuniwa uweze kuwekwa hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei: kuna mkono wa chuma unaofungwa kwenye msumari na kumwonyesha daktari mahali pa kutoboa ili skrubu ipate tundu lake. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ni miongoni mwa hospitali zilizoutumia kwa miaka mingi. Kumbuka jambo moja kuhusu msumari huu kwa ajili ya huko mbele: ni mzima, hauna tundu la kupita katikati.

Kutu, radi na saratani

Vyuma vya mifupa hutengenezwa zaidi kwa chuma kisichoshika kutu, au kwa titani iliyochanganywa na aluminiamu na vanadiamu kidogo. Hicho cha kwanza kina kromiamu, ambayo hujifanyia utando mwembamba mno juu ya chuma na kukizuia kisiliwe na maji ya mwili yenye chumvi. Kwa hiyo hofu kwamba chuma "kinaoza" mguuni haina msingi. Ila haikosi chembe ya ukweli. Pale kichwa cha skrubu kinapogusana na bamba kuna msuguano mdogo kila hatua, utando huo hukwaruzwa, na bamba la chuma likitolewa baada ya miaka mingi si ajabu kukuta alama za kuliwa hapo na nyama ya jirani imepata weusi. Mara nyingi haimletei mwenyewe dalili yoyote.

Mzio upo pia. Chuma kisichoshika kutu kina nikeli, takriban 13 hadi 15 katika kila 100, na kuna watu ambao hata hereni au kifungo cha jinzi chenye nikeli huwatoa vipele. Lakini mzio unaosababishwa na chuma kilicho ndani kabisa ya mguu ni nadra, na kabla ya kuulaumu lazima ambukizo liondolewe kwanza kwenye orodha, maana dalili zao hukaribiana.

Saratani: hakuna ushahidi thabiti kwamba bamba au msumari wa mfupa unailetea mwili saratani. Radi haimtafuti mtu kwa sababu ana chuma ndani ya nyama. Kipimo cha MRI kwa kawaida hufanyika bila shida kwa vyuma hivi, ingawa picha ya karibu na chuma huharibika. Mwambie anayekupima kabla hujaingia, na kama una karatasi ya chuma chako mwonyeshe. Mashine ya uwanja wa ndege inaweza kulia au isilie. Kuuma wakati wa baridi watu wengi wanakueleza, na sioni sababu ya kuwabishia, lakini baridi peke yake si sababu ya kumpasua mtu.

Goti, kifundo na pia

Tuje kwa yule anayeumwa akisujudu. Msumari wa ugoko kwa kawaida huingizwa chini kidogo ya pia ya goti, kwa kupasua au kusogeza kano iliyopo pale. Ndiyo maana lalamiko kubwa la waliowekewa ni maumivu ya mbele ya goti, na huja zaidi mtu akipiga magoti: kwenye sala, akipalilia, akideki. Mtu anayeishi kwenye viti anaweza kumaliza wiki bila kupiga goti. Mama wa Tanga mwenye swala tano na shamba la mihogo hawezi.

Kuutoa msumari huwasaidia baadhi, si wote. Sehemu ya maumivu inatoka kwenye kovu la kano na vijineva vilivyokatwa siku ya upasuaji wa kwanza, na hivyo haviondoki na msumari. Eksirei ya upande hueleza mengi: kama kichwa cha msumari kimechomoza nje ya mfupa na kinachoma kano, kuna sababu ya wazi ya kukifuata. Kama kimezama ndani kabisa, mgonjwa aambiwe mapema kwamba anaweza kupasuliwa na goti likabaki lilivyo. Daktari anayemwahidi goti jipya anaahidi asichokuwa nacho.

Kwenye kifundo, upande wa nje, ngozi ni nyembamba na hakuna nyama ya kufunika bamba. Mwenye mguu huigusa skrubu kwa kidole, na kiatu cha kufunga kikimgusa hapo anaruka. Waya za pia ya goti nazo husumbua sana. Ncha hujisogeza taratibu na kuichokonoa ngozi kila goti linapokunjwa. Hawa wa kifundo na pia, kama mfupa umeunga, ndio ambao kutolewa chuma huwapa nafuu inayoeleweka, kwa sababu kinachouma kinagusika kwa mkono.

Chuma kilichokatika

Kuna maumivu ya aina nyingine kabisa. Mtu alikuwa anaendelea vizuri, kisha paja linaanza kuuma ndani kwa ndani anapokanyaga, hasa anapoanza kusimama. Hakuanguka. Anakwenda kupiga eksirei, na msumari umekatika vipande viwili.

Wa kwanza kulaumiwa ni chuma: "walimwekea feki." Inawezekana, lakini mara nyingi kosa liko kwa mfupa ambao haukuunga. Mtu anayetembea kwa kawaida hukanyaga kwa kila mguu takriban mara milioni moja kwa mwaka. Chuma hakikuwekwa kibebe mzigo huo milele. Kiliwekwa kushikilia mpaka mfupa ujibebe wenyewe. Mfupa usipofika, kila hatua inakipinda chuma kidogo na kukirudisha, na mwisho wake ni kama ule wa waya unaokunjwa na kukunjuliwa palepale. Kwa hiyo ukiona chuma kimekatika, uliza kwanza: mfupa uliunga? Kama haukuunga, kutoa vipande na kumrudisha mtu nyumbani hakujamtibu. Anahitaji kushikwa upya, pengine na kupandikizwa mfupa kutoka kwenye nyonga yake, na kuulizwa kwa nini haukuunga: ambukizo lililojificha, sigara, kisukari, au kukanyaga kabla ya wakati.

Zipo skrubu ambazo kukatika kwake si msiba. Skrubu inayoshikanisha mifupa miwili ya mguu juu ya kifundo hukatika au kulegea mara kwa mara mtu anapoanza kutembea, kwa sababu mifupa hiyo kwa asili ina mchezo kidogo kati yake. Zamani ilikuwa desturi kuitoa kwa kila mtu. Siku hizi wengi wanaiacha, na kuifuata pale tu inaposumbua. Vivyo hivyo skrubu ya kukingama ya msumari iliyokatika wakati mfupa umeshaunga: iko pale, haina kazi, haimdai mtu chochote.

Kitundu kinachofunguka na kufunga

Huyu ndiye mgonjwa asiyetakiwa kusubiri, na cha ajabu ndiye anayesubiri kuliko wote, kwa sababu kitundu ni kidogo na hakiumi sana. Juu ya kovu kunatokea kijipu, kinapasuka, kinatoa usaha kidogo unaochafua suruali, kinakauka. Duka la dawa linampa dozi, anapona wiki tatu, kinafunguka palepale.

Bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, wakifika juu ya chuma hujenga utando unaonata na kuishi ndani yake. Chuma hakina damu, kwa hiyo askari wa mwili hawafiki juu yake vizuri, na antibayotiki inayowaua bakteria wa kawaida kwa urahisi haiwawezi walio ndani ya utando. Dozi inaua wanaozurura nje. Waliobaki kwenye chuma wanaanza upya. Ambukizo la namna hii linaweza kuwa lilikuwapo tangu siku ya kwanza, hasa kama mfupa ulitoboa ngozi wakati wa ajali, au likaja miaka mingi baadaye kwa njia ya damu kutoka ambukizo la mahali pengine mwilini.

Hesabu ya matibabu inategemea tena kama mfupa umeunga. Umeunga: chuma kinatoka, mfereji wa uboho unakwanguliwa na kuoshwa, mfupa uliokufa unaondolewa, sampuli zinakwenda maabara ili dawa ichaguliwe kwa ushahidi. Haujaunga lakini chuma bado kimeshika imara: madaktari wengi hupendelea kusafisha, kulidhibiti ambukizo kwa dawa na kukiacha chuma kifanye kazi yake kwanza, kwa sababu mfupa wenye usaha unaocheza ni mgumu kutibu kuliko wenye usaha uliotulia. Chuma kimelegea na mfupa haujaunga: kinatoka, na mguu hushikwa kwa njia nyingine, mara nyingi vyuma vya nje.

Kumwaga unga wa vidonge vya rangi mbili ndani ya kitundu hakufanyi lolote zaidi ya kuziba mlango wa usaha na kuharibu majibu ya maabara. Na kuna jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha: kitundu kinachotoa usaha kwa miaka mingi kinaweza kugeuka saratani ya ngozi. Madaktari huviita vidonda vya Marjolin. Si kwa kila mtu, wala si kwa mwaka mmoja au miwili, lakini mtu aliyeishi na usaha tangu ujana wake, kisha akaona kitundu kinapanuka, kinaota nyama na kutoa damu, anatakiwa akatwe kipande kikapimwe.

Siku ya kukitoa

Wengi wanadhani kutoa chuma ni kazi ndogo kuliko kukiweka. Mara nyingi ni kinyume. Miaka sita baadaye mfupa umepanda juu ya kingo za bamba, na vichwa vya skrubu vimejaa nyama na mfupa mpya. Daktari anavichokoa kimoja kimoja kwa kifaa chenye ncha mpaka tundu la pembe sita lionekane safi. Skrubu ya milimita 4.5 kwa kawaida hufunguliwa kwa bisibisi ya pembe sita ya milimita 3.5; ya milimita 3.5 hutaka bisibisi ya 2.5. Nyingine zina tundu la nyota. Bisibisi isiyokaa sawasawa ikizungushwa mara moja kwa nguvu, pembe zinaliwa, na skrubu iliyopaswa kuchukua nusu dakika inachukua nusu saa: daktari analetewa kifaa chenye nyuzi (mikato ya kuzunguka kama ya skrubu) za kinyume kinachojikita kwenye tundu lililoliwa, na kikishindwa, kichwa cha skrubu kinatobolewa au bamba linakatwa.

Mabamba ya titani ambayo skrubu zake hujifunga kwa nyuzi ndani ya bamba lenyewe ndiyo yanayoongoza kwa ukaidi huu. Skrubu zikikazwa kupita kiasi siku ya kwanza, miaka baadaye zinakuwa kama zimeshikana na bamba.

Msumari hutolewa kwa kufungua mahali ulipoingilia, kutoa skrubu zake, kisha kufunga fimbo yenye nyuzi kwenye kichwa chake. Juu ya fimbo kuna nyundo inayoteleza, na daktari huipiga kuelekea kwake, hatua kwa hatua, mpaka msumari uanze kutoka. Mlio wake unafika korido. Mgonjwa aliyechomwa ganzi ya mgongo yuko macho, anasikia kila pigo, hivyo nesi mwenye busara humtayarisha: "Kaka, sasa utasikia kugongwagongwa. Usishtuke, hutaumia." Nyuzi za fimbo hiyo lazima zilingane na za msumari wenyewe, na kila kampuni ina zake. Na kama msumari umekatika ndani, wenye tundu katikati una bahati: ndoano ndefu hupitishwa humo mpaka chini na kipande kikavutwa. Wa SIGN, kwa kuwa ni mzima, hauruhusu njia hiyo. Kipande cha chini hutafutiwa njia nyingine, kwa mfano kusukumwa kutoka upande wa goti.

Hapa ndipo karatasi ya upasuaji wa kwanza inapokuwa na thamani kuliko mgonjwa anavyodhani. Aliyefanyiwa India, Oman au Afrika Kusini, akaja kutolewa Mwanza au Mombasa, anamletea daktari chuma ambacho huenda hana bisibisi yake. Jina la kampuni, aina ya chuma, ukubwa wa skrubu, na eksirei za mara ya mwisho: hivyo vinatosha kuandaa vifaa kabla mgonjwa hajalazwa mezani. Ukiwekewa chuma leo, omba karatasi hiyo kabla ya kutoka wodini na uipige picha.

Hatari zake si za kutisha lakini zipo: kuvuja damu, kujeruhi neva (ile inayopita mbele ya upande wa nje wa kifundo iko karibu sana na kovu), mfupa kupata ufa wakati chuma kinang'olewa, na kidonda kuingia wadudu. Hilo la mwisho lina takwimu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA, uliowafuata wagonjwa wapatao 470 waliotolewa vyuma chini ya goti, ulikuta takriban 14 katika kila 100 walipata ambukizo la kidonda. Hao ni watu waliokwenda kutolewa vyuma visivyo na ambukizo, katika hospitali zenye kila kitu. Ndiyo maana simshauri mtu asiyeumwa, mwenye mfupa ulioungana, apasuliwe kwa sababu tu jirani alimwambia miaka imekuwa mingi.

Kuna wanaosimama nje ya hesabu hiyo. Mtoto anayekua hutolewa chuma mapema zaidi, kwa sababu mfupa wake hukimeza na baadaye kukifuata ni kuuvunja. Misumari laini ya mapaja ya watoto mara nyingi hutoka kati ya miezi 6 na 12. Atakayebadilishiwa nyonga au goti lazima atolewe chuma kinachoziba njia ya kiungo kipya. Kwa upande mwingine, mzee aliyewekewa chuma cha nyonga baada ya kuanguka ni bora aachwe nacho kama hakimsumbui. Kikitolewa, shingo ya mfupa wa paja iliyodhoofika hubaki na mashimo, na inaweza kuvunjika upya.

Mashimo yanayobaki

Kwa mtu mzima, bamba la ugoko kwa kawaida halitolewi kabla ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na la paja kabla ya takriban miaka miwili, hata kama eksirei inaonekana nzuri. Chuma ni kigumu mara kumi hivi kuliko mfupa, kwa hiyo mfupa uliolala chini ya bamba kwa miaka umezoea kubebwa na umelegea kidogo. Ukishatoa bamba, unabaki na mfupa huo pamoja na safu ya matundu ya skrubu, na tundu hupunguza uwezo wa mfupa kustahimili kujipinda. Yanajaa, lakini kwa miezi.

Aliyetolewa msumari kwa kawaida hukanyaga mapema, maumivu yakimruhusu. Aliyetolewa bamba la paja au ugoko atatembea pia, mara nyingi kwa magongo wiki za mwanzo, ila mpira, mbio, kubeba magunia na kuruka kutoka kwenye gari vinasubiri miezi mitatu hadi minne. Wanaovunjika tena ni wale ambao kidonda kimekauka, nyuzi za kushonea zimetolewa, hawaumwi popote, na wiki ya sita wako uwanjani. Kwa dereva wa bodaboda, kupanda pikipiki na kuitegemeza kwa mguu huohuo ikielemewa na abiria na mzigo ni kuupinda mfupa hasa pale ulipo dhaifu, kwa hiyo muda huo auhesabu kwenye mipango ya pesa kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji. Kidonda kikianza kutoa majimaji baada ya siku kumi, au mguu ukivimba na joto likipanda, anarudi hospitali hiyohiyo siku hiyohiyo.